Garde-malade: mugonjwa wa pili asiye na fishi

Mu Lubumbashi, mutu akilazwa mu lupitalo, ndugu mumoja analala naye. Mugonjwa ana kitanda, ana fishi, munganga anapita kumuangalia. Ndugu analala chini ku mulago, hakuna anayemuuliza kitu. Sheria ya kazi haimujui, familia inamusahau, na yeye mwenyewe anajisahau. Tuliangalia sababu gani mambo iko hivi, na familia inaweza kufanya nini ata kesho asubui.

Saa kumi na mbili ya asubui, ku mulango wa lupitalo zetu kubwa, ikuwe Jason Sendwe ao Cliniques universitaires, utaona watu wa aina mbili wanapishana. Wa kwanza wanaingia na kitunga: thermos ya chai, bukari ya moto imefungwa mu kitambaa, ndoo ndogo, kikwembe cha kubadilisha. Wa pili wanatoka na macho mekundu, wamebeba mashuka machafu, wanatafuta moto ao taxi-bus ya Katuba, ya Ruashi, ya Kampemba. Wengi ni wanawake. Wengine wametoka mbali, Kasenga, Pweto, Mitwaba. Wao hawana nyumba ya kurudilia hapa mujini, wanafua palepale na kulala palepale mpaka mwisho.

Hao njo garde-malade. Ukiuliza mutu yeyote wa Lubumbashi kama anajua kazi ile, atakuambia anaijua sana, alikwisha kuifanya. Ukimuuliza nani alimulinda yeye wakati alikuwa anailinda ile mwili ya ndugu yake, atanyamaza kidogo.

Kazi isiyo na mushahara

Tuanze na kazi yenyewe, ju wengi wanazani ni kukaa tu pembeni ya kitanda.

Mu lupitalo nyingi, garde-malade njo anapika na kuleta chakula. Anaosha mugonjwa, anamugeuza asipate vidonda vya mugongo, anachunga serumu isiishe, anaenda kuamusha infirmiye usiku. Anakimbia na ordonansi ku farmasi. Anapeleka damu ku laboratware na kurudi kuuliza majibu. Wakati mugonjwa anahitaji damu, anapiga simu kwa familia yote kutafuta mutu wa kutoa yake, kusudi ile iliyotoka irudishwe. Na ku mwisho, fakture ikifika, ni yeye anaenda kubembeleza, ju mugonjwa asiyelipa anaweza kupona na kubaki amefungiwa palepale juu ya deni.

Hatusemi infirmiye hawafanyi kazi. Usiku, infirmiye mumoja anaweza kubaki na chumba kizima cha wagonjwa. Bila garde-malade, lupitalo haiwezi kutembea. Ni hapo njo kuna neno la kufikiri: kazi ambayo lupitalo haiwezi kukosa, hakuna aliyeiandika mahali, hakuna aliyepanga kiti, choo wala bomba ya maji kwa yule anayeifanya.

Mu 2001, viongozi wa Afrika walikutana Abuja, mu Nigeria, wakaahidi kila inchi itaweka 15% ya bajeti yake ku afya. Kongo haijafika pale. Familia njo inabeba sehemu kubwa ya bei ya matunzo. Na mu hesabu ile wanaweka falanga ya dawa na ya ekzameni. Usiku wa dada yako ku mulago hauingii mu hesabu yoyote.

Zamani, kampuni ilibeba

Wazee wa hapa wanakumbuka wakati mwingine. Union Minière, iliyozaliwa mu 1906, na kisha Gécamines iliyoirizi, zilikuwa na lupitalo zao, dispansere zao ku kambi, poso ya kila mwezi, masomo ya watoto. Mufanyakazi akigonjwa, ao bibi yake ao mutoto, kampuni ilijua iko na mutu wake mu kitanda. Hatusemi ulikuwa wakati wa paradizo, ju kampuni ililinda mikono yenye kuchimba shaba, na ilitawala maisha ya watu mpaka ndani ya nyumba. Lakini bibi wa mufanyakazi hakuuza sufuria zake kwa kununua serumu.

Kisha shaba ikaanguka. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400 000 kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 haikufika ata tani 50 000. Mishahara ikakauka myezi na myezi. Mu 2003 na 2004 ikaja ile yote tunaita "Départs Volontaires": zaidi ya wafanyakazi 10 000 wakatoka na kifurushi cha falanga, mupango uliosaidiwa na Banki ya Dunia. Wakatoka na bibi zao, watoto wao, na magonjwa yao. Baba aliyekuwa na munganga wa kampuni akabaki na binti yake.

Binti ule wa 2004 leo ana myaka makumi mane ao zaidi. Alilinda baba, akalinda mama, sasa analinda bwana ao mutoto. Mu kartiye nyingi za Lubumbashi, historia ya lupitalo ya kampuni iliishia ndani ya mugongo wa mwanamuke mumoja. Kampuni mupya za mine zilikuja, lakini zinachukua wafanyakazi wachache, na wengi kwa kontra ya muda mufupi ya watu wa kati.

Siku 4 za kuzika, hakuna ata moja ya kuuguza

Kwa wale wenye kazi ya karatasi, tufungue Kodi ya kazi, ile sheria ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002. Artikle 146 inapanga siku za ruhusa kwa mambo ya familia. Ukioa, siku 2. Bibi akizaa, siku 2. Mutoto wako akiolewa, siku 1. Bibi, bwana, baba, mama ao mutoto akifariki, siku 4. Ndugu wa daraja la pili akifariki, siku 2.

Sasa tafuta siku za mama mwenye kulazwa, za mutoto mwenye krize. Mu orodha ile hamuna. Sheria inakupa siku za kuzika mama yako, haikupe siku ya kumulisha angali muzima. Kodi inalazimisha patron alipie matunzo ya mufanyakazi na familia yake, na hiyo ni neno kubwa, wengi hawaijui na hawaiombi. Lakini inalipia dawa na munganga. Mutu wa kukaa pembeni ya kitanda, kila mutu ajitafutie. Ndiyo sababu mufanyakazi anakula siku zake za konje ya mwaka, na sheria inahesabu kidogo siku 1 kwa kila mwezi wa kazi. Ikiisha, anadanganya ku kazi. Ao anatuma mutoto wa kike, na yule anaacha masomo.

Na wale wasio na karatasi, mama muuzaji wa makala, baba wa moto, mwenye kushona? Kwao hakuna ruhusa ata ya kilio. Siku hauuzi, siku hauli.

Tusicheke serikali peke yake. Familia zetu zinafuata artikle ile bila kuisoma. Mutu akiwa mu kitanda myezi mitatu, simu zinazimwa, ndugu "hana reseau". Akifariki, kwa siku moja tu inapatikana falanga ya sanduku, ya bache, ya viti, ya bukari ya watu mia mbili, na wale wa Likasi na Kolwezi wanafika mbele ya jioni. Falanga inajua njia ya kilio. Njia ya kitanda haiijui. Na aliyelinda mugonjwa myezi mitatu njo anaulizwa: sasa ulimufanya nini mpaka akafa?

Namna mulinzi anageuka mugonjwa

Kuko watu watasema: kuuguza ndugu ni upendo, upendo hauchokeshi. Tuangalie.

Mu 1999, wachunguzi wawili wa Marekani, Richard Schulz na Scott Beach, walitoa mu gazeti la waganga JAMA hesabu waliyoifanya kwa miaka karibu mine juu ya wazee wenye kuishi na bibi ao bwana. Wazee waliokuwa wanalinda mwenzao na wakasema kazi ile inawalemea walikuwa na hatari ya kufa 63% kupita wale wasiokuwa na mugonjwa wa kulinda. Lakini hesabu ilikuwa na upande wa pili, na huo njo tunataka usikie vizuri: wale waliolinda bila kulemewa, hatari yao haikuonekana kupanda namna ile. Kwa hiyo uchunguzi hauonyeshe upendo ukiuwa mutu. Unaonyesha muzigo wa kubeba peke yake.

Hapa kwetu tuko na njia zetu za kulemewa. Garde-malade analala saa mbili ao tatu, anakula mabakio ya mugonjwa ao hali kabisa. Kama ana tension ao sukari, vidonge vyake vinakoma, ju falanga imeenda ku ordonansi ya mwingine. Analala mu chumba chenye watu wenye kukohoa. Anashika matapiko na mavi kwa mikono, na mu mji ambamo kolera inarudia mara na mara, sabuni na maji safi ni dawa yake ya kwanza. Nyumbani kurenti imekatika, makala imepanda, watoto hawajaoga. Na juu ya yote, woga: nikitoka kidogo, akifa?

Nizungumze kidogo ya kwetu. Yaya yangu alilinda mama yetu myezi saba, kisha mama kupooza upande mumoja. Sisi wadogo tulikuwa tunapita jioni na matunda, tunauliza: mama ameamuka namna gani leo? Yaya anajibu, tunakaa kidogo, tunarudi. Alikuwa na tension tangu zamani. Vidonge vyake vilimalizika, hakusema, na sisi hatukuuliza. Siku moja akaanguka ku bomba, ndoo mu mukono. Tulipomufikisha ku lupitalo, tukaanza kutafuta nani atabaki naye, na nani atabaki na mama. Tuko watoto saba. Usiku ule njo tulifanya mukutano wa kwanza wa familia. Kila mutu alipata siku yake, ata ndugu aliyekuwa anasema hana nafasi. Mupango ule ulituchukua nusu saa. Tungeweza kuufanya myezi saba mbele. Yaya alipona, lakini mukono wake wa kushoto haujarudilia nguvu.

Ulinzi usio na mwisho

Kuko kulinda kwa lupitalo, kunakoisha siku moja. Na kuko kulinda nyumbani, ambako hakuna tarehe ya kutoka: mzee aliyepooza, mwenye kanseri, mutoto wa SS, ndugu mwenye ugonjwa wa akili.

Chukua mama wa mutoto wa SS. Mu Kongo, wachunguzi wanahesabia karibu watoto 2 kwa 100 wanazaliwa na ugonjwa huu. Krize inaanza usiku, mifupa inauma, mutoto analia, na mama hajui kama kesho atauza ao atakuwa ku lupitalo. Mara nyingi anabeba na masemo ya familia ya bwana: "ulituletea ugonjwa". Tuseme wazi: mutoto anazaliwa SS wakati baba na mama, wote wawili, wamemupa kipande kile cha damu. Kama wote wawili ni AS, kila mimba iko na bahati mbaya 1 juu ya 4. Baba yuko ndani sawasawa na mama. Kama ugonjwa ni wa wawili, na usiku wa krize ugawanywe kwa wawili.

Ugonjwa wa akili ni mubaya zaidi, ju watu wanakimbia. Familia inazunguka vyumba vya maombi, wanatafuta mulozi, na wakati mwingine mulozi anapatikana kuwa ni mama mwenyewe anayelinda. Mu mji wetu kuko Kituo cha Docteur Joseph Guislain, cha Bafrere wa Charité, kwa magonjwa ya akili. Hatuzuie mutu kuomba. Lakini maombi na munganga vinaweza kukaa mu nyumba moja.

Na ndugu zetu wa Goma na Bukavu, miji iliyochukuliwa na M23 mwezi wa 1 na wa 2 wa 2025, wanafanya kazi hii mu vita, banki zikifungwa na barabara zikikatika. Wakisoma haya, wajue hatuzani wanaweza kupanga zamu sawa mutu wa kambi yenye amani. Lakini ata kule, watu wawili wenye kugawana usiku wanashinda mumoja.

Sasa tufanye nini?

"Jipumzishe, mama" ni neno la bure kama hakuna mutu wa kukaa mu nafasi yake. Kwa hiyo tunaanza na familia, kisha mulinzi mwenyewe.

Mukutano siku ya tatu. Mugonjwa akipitisha siku tatu mu lupitalo, familia ikutane, ata kwa simu. Muandike ku karatasi: nani analala usiku, nani anakuja muchana, nani anapika, nani anafua, nani analipa. Aliyelala usiku asikae muchana. Ndugu wa Kolwezi ao wa ng'ambo asiyeweza kuja atume falanga ya transport na ya chakula cha garde-malade, iwe pembeni na ile ya dawa.

Wanaume waingie mu zamu. Kijana anaweza kugeuza baba yake ku kitanda vizuri kupita dada yake, ana nguvu. Kubeba maji, kukimbia farmasi, kulala usiku, hakuna mila iliyoandika hii ni ya wanamuke peke yao.

Maulizo matatu kwa anayelinda. Kila siku, mutu mumoja wa familia amuulize: umekula nini leo? Umelala saa ngapi? Dawa zako mwenyewe ziko? Waganga wa ng'ambo wana orodha ya maulizo 22 kwa kazi hii, ile ya Zarit, ilianza mu 1980. Sisi tuanze na matatu.

Likelemba ya ugonjwa. Jumuiya za kanisa, korale, kikundi cha wamama wa soko, wengi wana kisanduku cha kilio. Muweke na kisanduku cha kitanda: kidogo kila mwezi, kinafunguka mutu wa kikundi akianza kulinda mugonjwa. Ao mupange tu bukari: leo anapika huyu, kesho yule. Mama anayejua chakula cha jioni kitafika amekwisha kupumzika nusu.

Ku kazi, sema mapema. Omba konje yako kwa kipande, siku mbili mbili, usiimalize mara moja. Omba kubadilisha na mwenzako. Uliza delege wa sindika kama konvasio ya kampuni yenu inapita Kodi, ju kampuni inaruhusiwa kutoa zaidi ya ile siku ya sheria. Na kwa wale wanaopanga mambo ya kazi mu inchi hii, neno letu ni moja: mumeandika siku 4 ku artikle 146 kwa kufa. Muandike ata 2 kwa kuugua.

Kwa wewe mwenyewe unayelinda: vidonge vyako usivikatize. Wakati uko ku lupitalo tayari, omba wakupime tension, ni dakika mbili. Ukikohoa zaidi ya majuma mbili, sema, ju ekzameni na dawa za kifua kikuu havilipishwi, na matunzo ni myezi 6. Osha mikono na sabuni kila ukimushika. Toka inje ukaone jua nusu saa kila siku, mutu mwingine akibaki. Na ukijisikia hasira kwa mugonjwa, ao ukiwaza "afe tu, mambo iishe", usizani umekuwa mutu mubaya. Wengi wanawaza hivyo saa tisa ya usiku na wanaona haya. Ni dalili ya kuchoka. Muambie mutu unayemuamini. Kama usingizi umekimbia, kilio hakikauki na kufa kunakuja mu mawazo yako mwenyewe, hiyo ni ya munganga, nenda bila kungoja.

Wazee wanasema kidole kimoja hakiuwi chawa. Mu nyumba nyingi za mji huu, leo jioni, kuko kidole kimoja kinafanya kazi ya mukono muzima, na vingine viko mu mufuko. Kama unamujua mutu ule, usimutumie ujumbe wa "courage". Muulize atalala siku gani, na siku ile uende na mulago wako.